MGONGO WA MNYAMA NA MTOTO ASIYEWEZA KWENDA

Katika maradhi yawapatayo watoto wetu, ni machache yanayowahuzunisha wazazi kama mtindio wa ubongo. Mtoto huzaliwa kwa shida akakosa pumzi, au hupatwa na umanjano mkali, au na homa ya uti wa mgongo katika siku zake za mwanzo. Akapona, lakini viungo vyake visimtii. Shingo hulegea, miguu hukakamaa na kupishana kama mkasi, na hata kuketi peke yake kukamshinda. Katika nyumba nyingi, si za Makambako tu bali za nchi nzima, mtoto wa namna hii huwekwa chumba cha ndani, wageni wasimwone. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za tiba moja ambayo imewatoa wengi wa namna yake nje, wakaonekana na watu: tiba ya kupanda farasi.

Pengine msomaji atauliza: asiyeweza kwenda kwa miguu yake atawezaje kupanda farasi? Jibu limo katika mwendo wa mnyama mwenyewe. Farasi aendapo polepole, mgongo wake humsogeza mpandaji mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, karibu sawa na vile nyonga za binadamu zisogeavyo atembeapo. Basi mwili usiopata kujua kutembea hufundishwa mwendo huo hatua kwa hatua. Misuli ya tumbo na ya mgongo hulazimika kufanya kazi ili mpandaji asianguke, na joto la mnyama pamoja na kule kutanua mapaja hulegeza miguu iliyokakamaa. Matabibu waliochunguza jambo hili wameona watoto wengi wakipata nafuu katika kuketi wima. Lakini tiba hii haiondoi ugonjwa wenyewe, na asemaye kuwa yauondoa awadanganya wazazi.

Mfano wake ulio mashuhuri ni Bibi Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alipatwa na polio, na miguu yake ikapooza chini ya magoti. Alijitahidi mpaka akarudi juu ya farasi, ingawa ilimbidi asaidiwe kupanda na kushuka. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952 alishindana na watu wazima wa viungo, akapata nishani ya fedha. Na mwaka 1956 akapata nyingine. Habari zake ziliwaamsha wengi, na mwaka 1969 kikaanzishwa Uingereza chama cha kuwapandisha farasi wenye ulemavu.

Hapa kwetu farasi ni adimu. Mbung'o na maradhi yaletwayo na usubi yamewaua wengi katika nchi za joto. Na ingawa baridi ya nyanda za Njombe na Makambako huwapunguza wadudu hao, gharama za kumtunza farasi si za mtu wa kawaida. Lakini punda tunaye. Bibi Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha Uingereza hifadhi ya punda mwaka 1969, ndiye pia aliyewapandisha punda watoto wenye ulemavu huko kwao. Na mwaka 1987 hifadhi yake ilifungua kituo cha kuwatibu punda Lamu, katika pwani yetu ya Waswahili. Basi mnyama tunayemtwisha magunia na madumu ya maji, na kumpiga njia nzima, wengine wamemfanya mwalimu wa watoto wao. Sura ya An-Nahl yawataja farasi, baghala na punda pamoja kuwa ni vipando.

Hata hivyo haifai kumkamata punda yeyote njiani na kumpandisha mtoto. Yapasa kwanza kumwuliza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwani mwenye kifafa kisichotulia, au nyonga iliyoteguka, aweza kudhurika. Mnyama awe mpole, mwenye afya na asiye na vidonda. Na punda asipandwe na mtu azidiye kilo 50. Mtoto avae kofia ngumu, na watu watatu wawepo: mmoja ashike kamba, wawili waende ubavuni.

Na asiyepata mnyama asikate tamaa. Mama ambebaye mtoto mgongoni kwa mbeleko, miguu imetanuliwa kiunoni mwake, amemweka katika mkao ule ule wa mpanda farasi, na kila hatua aendayo sokoni humpa mtoto mwendo. Mtoto mkubwa huketishwa kwa kupanda juu ya gogo laini au blanketi lililokunjwa nene, huku ameshikwa, akicheza kwa mikono. Mambo haya hayana gharama. Yataka subira ya kila siku.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 imeweka haki za watu wenye ulemavu, za matibabu na za elimu. Lakini sheria haiingii chumba cha ndani kumtoa mtoto. Wa kumtoa ni baba na mama. Sura ya Abasa yatukumbusha kuwa kipofu aliyekuja kutafuta ilimu alistahiki kusikilizwa kabla ya wakubwa wa mji. Basi enyi wazazi, na ninyi vijana wenye nguvu za kushika kamba na kwenda ubavuni, mtoeni mtoto huyo nje, alione jua.