Mwaka wa kwanza ndio mtihani mkubwa kwa wasomao nje ya nchi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA eneo la Magomeni, jijini Dar es Salaam, ipo nyumba ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliishi katika miaka ya 1950, wakati wa harakati za kudai uhuru wa Tanganyika. Nyumba hiyo, ambayo sasa ni makumbusho, hutajwa zaidi kwa historia ya TANU. Ni mara chache kukumbukwa kuwa mwenye nyumba alikuwa ametoka kuwa mwanafunzi katika nchi ya kigeni.

Mwalimu alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1952. Hata hivyo, hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuishi mbali na kwao. Alikuwa amekwisha kusoma Makerere, Uganda, kati ya mwaka 1943 na 1945, kisha akafundisha Tabora.

Vijana wengi wanaoondoka leo hawana maandalizi ya aina hiyo. Wapo wanaotoka kidato cha sita moja kwa moja hadi vyuo vya China, India, Urusi au Uturuki, huku familia zikiwa zimeuza kiwanja au kukopa ili kupata ada na nauli. Kwa familia hizo, kijana akikwama mwaka wa kwanza, hasara huwa ya ukoo mzima.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili huanza upya kwa Kiingereza afikapo kidato cha kwanza. Akienda China au Urusi, mara nyingi hulazimika kutumia mwaka mzima kujifunza lugha ya tatu kabla ya kuanza shahada yenyewe. Mwaka huo una gharama zake, na ni vyema wazazi wakauhesabu mapema.

Kikwazo cha pili ni namna ya kusoma. Aliyezoea kunakili maelezo ubaoni na kunyamaza mbele ya mwalimu kwa heshima, hukuta vyuo ambavyo ukimya huchukuliwa kuwa dalili ya kutojiandaa. Aidha, kunakili maandishi ya mtu mwingine bila kumtaja ni kosa linaloweza kumfukuzisha chuo.

Hali ya hewa nayo ina uzito wake. Mkazi wa Dar es Salaam amezoea jua kuzama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima, ilhali Moscow au Edinburgh, mwezi Desemba, giza huanza kuingia karibu saa 10 jioni. Baridi na upweke vikikutana, masomo huzorota.

Kuhusu fedha, wengi huondoka wakitumaini kufanya kazi huku wakisoma. Ukweli ni kwamba nchi nyingi huweka kikomo. Nchini Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa kigeni wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Kipato hicho hakitoshi kulipa ada.

Yapo pia majanga yasiyotarajiwa. Mwezi Januari 2020 mji wa Wuhan, China, ulifungwa kutokana na virusi vya corona. Mwezi Februari 2022 vita vilipolipuka Ukraine, Watanzania walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kigeni waliolazimika kukimbia. Matukio hayo yalionyesha umuhimu wa mwanafunzi kujiandikisha kwenye ubalozi mara tu anapofika.

Kabla ya safari, hatua muhimu ni kuhakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba chuo kinachokusudiwa kinatambuliwa, kwani shahada isiyotambuliwa haimsaidii mhitimu anaporejea kutafuta kazi.

Baada ya hapo, linabaki jambo moja ambalo wengi hulikwepa: kusema ukweli nyumbani. Kijana anayejua kiwanja kiliuzwa kwa ajili yake huona aibu kusema ameshindwa somo au ameishiwa fedha, hivyo kila simu hujibu kuwa mambo ni mazuri. Tatizo hujulikana wakati chuo kimekwisha kumwondoa. Wahenga walisema mficha uchi hazai.