Kazi za uwanja wa ndege ughaibuni: kijana wa Dzaleka ajiandae na nini?

Ukitoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenda Lilongwe, safari ya kilomita arobaini na kitu, unapita Lumbadzi, ulipo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu, kisha unaingia Kanengo. Msimu wa mnada harufu ya tumbaku hukufikia hata kabla hujayaona maghala. Kwa kijana wa kambini ndege si kitu kigeni. Amewaona majirani wakiondoka na mfuko wa plastiki wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) wenye nyaraka zao, na leo baadhi yao wanamtumia picha wakiwa wamevaa rifleketa uwanjani, huko Marekani.

Hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Tangazo linakuja kwenye simu: watu wanatakiwa kupakia mizigo uwanja wa ndege Kanada, uzoefu si lazima, viza na tiketi juu ya kampuni, wewe lipia faili tu. Tangazo hilo lifute. Kampuni za kuhudumia ndege za Ulaya na Amerika Kaskazini kwa kawaida huajiri watu waliokwisha kufika, wenye kibali cha kufanya kazi. Mpakiaji mizigo hafuatwi Malawi. Zaidi ya hayo, sheria za Kanada zinakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi wa kigeni gharama za kuajiriwa.

Wale wa kwenye picha basi walipataje? Walihamishwa kwanza kama wakimbizi, kazi ikafuata. Kazi za uwanjani ni za zamu, usiku na alfajiri, na wenyeji wengi hawazitaki, kwa hiyo mgeni hupata nafasi mapema. Mlango huo sasa ni mzito: Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kanada ilianza mwaka 2018 majaribio ya kuwapokea wakimbizi kwa ujuzi wao, lakini ujuzi uliotakiwa zaidi ni kama uuguzi na kompyuta.

Kazi yenyewe si ya kudharauliwa. Ndege kama Boeing 737 mizigo yake hupangwa kwa mkono, na ndani ya tumbo lake mtu mzima hasimami wima. Unapiga magoti, sanduku la kilo 23 linakuja kwa mkanda, unalipokea, unalisukuma nyuma, linakuja jingine. Nje, hakuna anayeisogelea ndege mpaka injini zizimwe na taa nyekundu ya mgongoni iache kuwaka. Magurudumu yakishawekewa vizuizi ndipo milango ya mizigo inafunguliwa. Kwa misuli, anayebeba marobota ya tumbaku Kanengo hana cha kuogopa.

Anachopaswa kukiogopa ni karatasi. Eneo la ndege ni la ulinzi, na kuingia kunahitaji kitambulisho maalumu. Katika Umoja wa Ulaya wanachunguza angalau miaka 5 iliyopita ya maisha yako: kazi, masomo, hata miezi uliyokaa bure. Uingereza nayo inadai historia ya miaka 5. Marekani huchukua alama za vidole na kutazama makosa ya jinai ya miaka 10.

Sasa mchukue kijana wa Dzaleka. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu ajira na kutembea. Kwa hiyo wengi kambini wanafanya kazi ambazo kwenye karatasi hazipo: ushonaji, duka, kufundisha kwa posho. Waliokuwa na biashara Lilongwe walirudishwa kambini kwa nguvu mwaka 2023, na maduka yakafungwa. Miaka ya jasho inasomeka kama miaka mitupu, na mimi naona hili ndilo tatizo kubwa kuliko Kiingereza, ambacho kila mtu anahangaika nacho.

Ghuba mambo ni tofauti, kwa sababu huko kampuni huajiri kweli kutoka Afrika. Lakini sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu nayo inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa, na hati ya kusafiria ya mkimbizi haipokelewi kila nchi kama pasipoti. Uliza hilo kabla ya kwenda kwenye usaili.

Aliye kwenye foleni ya kuhamishwa ana kazi ya kufanya leo. Amfundishaye kompyuta au lugha aombwe barua, iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, jina la mtoa barua, namba ya simu na mhuri. Fundi cherehani aombe kwa kiongozi wa kikundi chake. Vyeti vya shule vipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye barua pepe, si kwenye simu tu. Barua ya mwalimu iombwe angali yupo, maana walimu wa Dzaleka nao wanahama.