Nyota, Sayari na Jitu la Gesi

Katika mazungumzo ya kila siku Zuhura huitwa nyota ya asubuhi, ingawa si nyota bali ni sayari. Barazani jambo hili halina madhara. Darasani, hata hivyo, mwanafunzi asiyetofautisha maneno hayo mawili hawezi kuufuata ugunduzi mmoja mkubwa wa falaki. Katika makala haya tunaueleza ugunduzi huo pamoja na maneno yanayoubeba.

Nyota, kama Jua letu, hutoa mwanga wake yenyewe. Sayari huizunguka nyota na kuakisi mwanga wake. Neno sayari tumelipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kwenda, kwa sababu watu wa kale waliona sayari zikihama miongoni mwa nyota.

Nyota iitwayo 51 Pegasi inafanana sana na Jua. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 50; na hapa tukumbuke kwamba mwaka wa nuru ni kipimo cha umbali, si cha muda. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kwamba nyota hiyo ina sayari. Walitumia darubini ya Haute-Provence, Ufaransa. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliona nyota ikiyumba kwa kuvutwa nayo. Nyota ikitukaribia, mwanga wake huelekea kidogo rangi ya buluu. Ikienda mbali, huelekea nyekundu. Mabadiliko hayo yalijirudia kila baada ya siku 4.2. Huo ndio mwaka wa sayari hiyo.

Sayari hiyo ni jitu la gesi kama Mshtarii. Walimu watatambua kwamba jitu ni ukuzi wa mtu; hivyo basi, lugha ilikuwa na nyenzo zake tayari. Lakini Mshtarii hulizunguka Jua kwa karibu miaka 12, na wataalamu waliamini kuwa majitu ya namna hiyo huzaliwa mbali na nyota, penye baridi. Hili liko kilomita milioni 8 hivi tu kutoka kwa nyota yake, ilhali Dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba lilizaliwa mbali, kisha likahamia karibu. Mayor na Queloz walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2019, pamoja na James Peebles.

Mwaka 2015 sayari hiyo ilipewa jina la Dimidium, neno la Kilatini lenye maana ya nusu, kwa kuwa maada yake hukadiriwa kuwa angalau karibu nusu ya ile ya Mshtarii. Kiswahili nacho kimefika angani: mwaka 2019 nyota WASP-71, yenye jitu lake la gesi, ilipewa jina lililopendekezwa kutoka Tanzania, yaani Mpingo. Sayari yake ikaitwa Tanzanite.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja. Waulizeni wanafunzi: mtu wa miaka 20 hapa duniani angehesabiwa miaka mingapi kwa mwaka wa Dimidium? Jibu ni zaidi ya 1,700. Atakayeweza kueleza sababu yake kwa Kiswahili fasaha atakuwa ameelewa sayansi na neno mwaka kwa pamoja.