Jedwali Othogonali katika Shamba la Kahawa

Kibugu, katika Kaunti ya Embu, iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na wakulima wengi wa kahawa huko wana mashamba madogo. Mkulima anayetaka kujua iwapo samadi, mbolea ya viwandani na matandazo huongeza mavuno hukabiliwa na swali la hesabu kabla ya lile la kilimo. Vigezo ni vitatu, kila kimoja kikiwekwa au kisiwekwe. Michanganyiko basi ni 8. Je, vipande vya shamba vikiwa 4 tu?

Hapo ndipo jedwali othogonali linapofaa, dhana iliyoasisiwa na mwanatakwimu C. R. Rao wa India katika miaka ya 1940. Kipande cha kwanza hakipewi chochote. Cha pili hupewa mbolea na matandazo. Cha tatu samadi na matandazo. Cha nne samadi na mbolea. Vikitazamwa vigezo vyovyote viwili, michanganyiko yao minne hujitokeza mara moja moja. Programu ya R, ambayo hailipiwi, hutoa jedwali hilo kwa amri ya oa.design iliyomo katika kifurushi cha DoE.base, tena hupanga mistari yake kwa bahati nasibu ili rutuba ya upande mmoja isipendelee mchanganyiko fulani.

Hata hivyo, uhaba wa vipande una gharama yake. Matandazo yamewekwa pale tu ambapo samadi au mbolea ipo bila mwenzake. Tuseme matandazo hayabadilishi mavuno hata kidogo, lakini samadi na mbolea zikikutana husaidiana kupita jumla ya nguvu zao, na vipande vikatoa kilo 10, 12, 12 na 18. Wastani wa vipande vyenye matandazo ni 12. Wa visivyo nayo ni 14. Matandazo yatahukumiwa bure, na mkulima ataacha kuufunika udongo wa mteremko wakati wa mvua. Kompyuta haikukosea, iliulizwa swali dogo mno.

Vipande 8 huondoa utata huo. Asiye navyo anaweza kushirikiana na jirani, huyu akichukua michanganyiko 4 na yule 4 iliyobaki. Tofauti ya mashamba hayo mawili itachanganyika tu na mwingiliano wa vigezo vyote vitatu kwa pamoja, ambao kwa kawaida ni mdogo.