Anaimba, Lakini Hawezi Kuomba Maji

Nilipomwambia "shikamoo, mama," aliitika "marahaba" kwa sauti iliyonyooka, hata nikalitazama tena faili kuhakikisha ni lake. Nikamuuliza jina. Akafungua mdomo, akakunja uso kama mtu anayesukuma mlango uliokwama, ikatoka "hivyo hivyo." Nikamuuliza kama ana kiu. "Hivyo hivyo." Ana watoto wangapi? Machozi yakamlengalenga, na jibu likawa lile lile.

Alikuwa muuza vitumbua hapa Tanga, umri wake miaka sitini na ushei. Wiki tatu nyuma kiharusi kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, kikamnyang'anya na maneno. Lakini lililomleta bintiye kwangu siku ile akiwa amevimba macho lilikuwa jambo la jana yake. Ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, na nyumba ya jirani walifungulia redio, kaswida zinapigwa. Mama akaidaka moja, akaiimba mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno.

"Dokta, kumbe anaweza kusema," binti aliniambia. "Kaka zangu wanasema anajifanya ili ahudumiwe. Mjomba anasema anayeimba si mama, ni jini."

Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Wataalamu wa kurudisha usemi ni wachache mno nchini, kwa hiyo sisi tunaonyoosha mikono na miguu hujikuta tukiulizwa pia habari za ulimi. Na swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba naona ni wajibu wangu kulijibu hadharani: mgonjwa anayeimba na hawezi kuongea hajifanyi. Kumwambia anajifanya ni kumwongezea jeraha.

Jambo lenyewe linajulikana tangu zamani. Mwaka 1745 Msweden Olof Dalin aliandika habari za mtu aliyepoteza usemi kwa maradhi lakini akawa anaziimba tenzi za kanisani na maneno yake yote. Mwaka 1861, jijini Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye kwa miaka mingi neno lake lilikuwa moja tu, "tan," hata watu wakamwita hivyo. Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake, akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Tangu hapo tukajua kwamba kwa watu wengi kazi ya kuunda maneno hufanywa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo. Nusu hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia, na ndiyo maana kulegea kwa upande wa kulia na kupotea kwa usemi huja pamoja mara nyingi. Hali hii ya kupoteza lugha huitwa afasia. Akili ya mtu ipo, kumbukumbu za maisha yake zipo, anachotaka kusema anakijua. Kilichokatika ni njia ya kukitoa.

Sasa, maneno yetu hayatoki yote kwa njia moja. Sentensi mpya, kama kumweleza fundi bomba linavujia wapi, inabidi iundwe pale pale, na kazi hiyo ndiyo inayoutegemea sana upande wa kushoto. Lakini yapo maneno tuliyoyatamka mara elfu hadi yakashikana kama shanga kwenye uzi: kuamkia na kuitikia, kuhesabu moja hadi kumi, siku za juma, dua, hata matusi. Hayo yanategemea njia nyingine, na mara nyingi hunusurika. Ndiyo siri ya ile "marahaba." Mama hakuitafuta, niliivuta mwenyewe niliposema shikamoo. Kaswida aliyojifunza chuoni akiwa msichana nayo ni uzi wa namna hiyo, na ina tuni na mahadhi ya kuushika. Muziki hushughulisha nusu zote mbili za ubongo, hivyo ukiumia upande mmoja, wimbo bado una pa kupita.

Nilipomweleza binti hayo, aliuliza swali zuri kuliko yote: "Basi hiyo njia ya wimbo tuitumie kumrudisha aseme?"

Inawezekana, ila si kwa kumwimbisha kaswida kutwa nzima. Kuimba wimbo anaoujua kutamliwaza, na hilo ni jema, lakini hakumfundishi kuomba maji. Mwaka 1973, jijini Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walitoa utaratibu wa kujenga daraja kutoka wimbo hadi maneno ya kila siku. Huchukuliwa sentensi fupi anayoihitaji mgonjwa, ikaimbwa kwa sauti mbili tu, ya chini na ya juu, na silabi yenye mkazo ikapewa ile ya juu. Mtaalamu anaushika mkono wa kushoto wa mgonjwa na kuugonga mezani taratibu, pigo moja kwa kila silabi. Mwanzo wanaivumisha kwa midomo iliyofumbwa. Kisha wanaiimba pamoja. Kisha mtaalamu ananyamaza katikati, mgonjwa anamalizia. Kisha mgonjwa anairudia peke yake. Kisha anaulizwa, "unataka nini?" na jibu ni ile sentensi. Wiki zikienda, tuni inapunguzwa kidogo kidogo hadi yanabaki maongezi ya kawaida.

Kiswahili kimetupa bahati hapa. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, wazi, rahisi kuvutwa na kuimbwa. Na mkazo wetu hauhamihami: hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo "nataka maji" inajipanga yenyewe: na-TA-ka MA-ji. Chini, juu, chini, juu, chini. Mapigo matano. Mtu yeyote nyumbani anaweza kuigonga bila kusomea muziki. Tulianza na hiyo, mimi na yule mama, kiganja chake cha kushoto ndani ya changu, meza ya chuma ikilia tu-tu-tu-tu-tu hadi wagonjwa wa benchi la nje wakawa wanachungulia.

Nisiwape tumaini la uongo. Mwaka 2011 Benjamin Stahl na wenzake nchini Ujerumani waliwachunguza wagonjwa 17, wakaona kuwa kinachosaidia zaidi huenda si tuni bali mapigo, pamoja na kule kuzoeleka kwa maneno yenyewe. Watafiti wa Uholanzi nao walikuta kwamba walioanza zoezi hili mapema, miezi ya mwanzo baada ya kiharusi, walifaidika zaidi. Wale waliokaa na afasia muda mrefu waliweza sentensi walizofundishwa tu, na nguvu ikapungua mazoezi yalipokoma. Tena njia hii inamfaa anayeelewa anachoambiwa lakini maneno hayatoki. Yupo mgonjwa mwingine ambaye maneno yanamtiririka bila maana, na huyo anahitaji msaada wa namna nyingine. Kwa hiyo mtu akikutangazia kwamba muziki unaponya kiharusi, mwulize: unaponya nini, kwa nani, kwa zoezi lipi?

Kwenye miguu, ambako ndiko shamba langu, ushahidi una nguvu zaidi. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa maradhi ya kutetemeka ya Parkinson waliofanya mazoezi ya kutembea nyumbani kwa wiki 3 wakifuata mapigo ya muziki. Kasi yao ya kutembea ilipanda kwa asilimia 25. Njia hiyo imejaribiwa pia kwa wenye kiharusi, nao wakapiga hatua. Sababu yake ni kwamba sikio na misuli vina mawasiliano ya karibu sana ndani ya ubongo. Ukisikia mapigo manne yaliyolingana, mwili wako unajua la tano litaangukia wapi, na misuli inajiandaa kabla halijafika. Mwenye kiharusi hupoteza hiyo saa ya ndani. Mguu mzima unakimbilia chini, ule mlegevu unaburutwa. Ngoma inamwazima saa ya nje.

Ninavyofanya ni hivi. Mgonjwa anatembea kwa mwendo wake mwenyewe, nami nahesabu hatua kwa dakika moja. Tuseme 60. Napiga makofi au dumu la plastiki kwa kasi hiyo hiyo ya 60, si zaidi, hadi nyayo na pigo vikutane. Vikikutana na mwili ukatulia, naongeza kidogo, 63, halafu 66. Kosa la kawaida nyumbani ni kuweka muziki wa dansi wa kasi ukidhani utamchangamsha. Unamkimbiza, naye anajikwaa. Msaidizi asimame upande ule dhaifu, nyuma kidogo. Na kandambili zivuliwe! Nimeona watu wengi wakianguka kwa sababu ya kandambili kuliko kwa sababu ya udhaifu wa mguu wenyewe. Viatu vinavyoshika kisigino, sakafu kavu, mkeka ukunjwe uwekwe pembeni.

Utafiti mwingine ninaoupenda, maana hauhitaji mtaalamu wala kifaa, ulifanyika Helsinki na kutolewa mwaka 2008 na Teppo Särkämö na wenzake. Walikuwa wagonjwa 60 waliotoka kupata kiharusi. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida, lakini kundi moja likasikiliza muziki angalau saa moja kila siku kwa miezi 2, kundi la pili likasikiliza vitabu vilivyosomwa, la tatu halikupewa kitu. Waliosikiliza muziki walirejesha kumbukumbu ya maneno na uwezo wa kuzingatia jambo vizuri zaidi, na unyonge wa moyo ulikuwa mdogo kwao. Muziki waliuchagua wenyewe. Hapo naomba tusimame kidogo, maana wodini huwa tunakosea: anayechagua stesheni ya redio ni nesi au mgonjwa mwenye sauti kubwa, na yule asiyeweza kusema anameza kila kinachokuja. Waulizeni ndugu zake. Alikuwa mtu wa taarabu? Wa kwaya? Wa mdundiko? Andikeni kwenye faili, palepale zilipoandikwa dawa za presha.

Mwanaanthropolojia wa Marekani John Janzen alizunguka Kinshasa, Dar es Salaam, Swaziland na Cape Town, na mwaka 1992 akatoa kitabu juu ya neno letu hili, ngoma. Alionyesha kwamba katika lugha nyingi za Kibantu neno moja linabeba chombo chenyewe, uchezaji, na shughuli ya uganga inayomzunguka mgonjwa. Sisi wa pwani hatukuhitaji kuambiwa. Tumekua tukiona ngoma za pepo, tumesikia kilinge kikilia usiku kucha. Mimi si mganga, wala sisemi kwamba pepo ndiye anayeleta kiharusi. Ila nimekaa nikafikiri juu ya mpangilio ule: mgonjwa yuko katikati, ndugu na majirani wamemzunguka, kila mmoja ana pigo lake, kibwagizo kinaitikiwa na wote, na yeye aliyekuwa ameachwa pembeni anatarajiwa auitike mdundo. Nikitazama wodi yetu, mgonjwa kaelekea ukutani na shuka hadi kidevuni, naona tumepata dawa tukapoteza duara. Ninaposema tiba imtazame mtu kwa ukamilifu wake, nasema tuvishike vyote viwili.

Na dawa itangulie. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimepokea watu waliozungushwa siku kadhaa kwa imani kwamba wametupiwa kitu. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukashindwa kunyanyuka, maneno yakavurugika, usingoje asubuhi wala usimtafutie wa kumsomea kwanza. Mkimbize hospitali, na ukumbuke saa dalili zilipoanza, maana utaulizwa. Kiharusi kingine ni mshipa ulioziba, kingine ni mshipa uliopasuka, na kwa macho havitofautiki. Inahitajika picha ya kichwa ya CT. Kwa kile cha kuziba, penye uwezo huo, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, nayo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kusoma dua njiani hakuzuiwi na mtu.

Mjomba tulimwita kliniki. Sikubishana naye juu ya jini. Nilimwomba akae mbele ya dada yake, amshike mkono wa kushoto, agonge mapigo matano. Aliimba kwa haya mwanzoni, sauti ndani ya ndevu. Mara ya nne mama akamalizia "MA-ji" peke yake, na mjomba akaamka kwenye kiti akaenda kusimama dirishani, kanipa mgongo.

Miezi mitano baadaye nilipita kibarazani kwao. Anayekaanga sasa ni binti. Mama anakaa pembeni na sahani ya chenji, na sentensi zake bado zinahesabika: nyingi ni zile tulizozifanyia kazi, chache zimekuja zenyewe. Mtoto wa shule alisimama akauliza bei. "Kimoja mia mbili," akajibu, bila tuni yoyote. Chini ya kanga, juu ya goti, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinagonga.