Kabambare: "Ndiyo" ya fundi si "oui" ya mkubwa wa kazi

Mkubwa wa kazi anauliza: "Mashine haijatengenezwa?" Fundi anajibu: "Ndiyo." Kwa Mswahili wa Kasongo au Kabambare jibu liko wazi: ndiyo, haijatengenezwa. Lakini aliyezoea Kifaransa au Kiingereza anaweza kuelewa kwamba mashine iko tayari, akaamuru iwashwe. Mgodini, kosa hilo linaweza kumkata mtu mkono.

Kusini mwa Maniema wamezoea kazi za wageni. Dhahabu ya Namoya, katika eneo la Kabambare, ilichimbwa na Banro, kampuni ya Kanada iliyoanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Wachina wa Baiyin nao wakawa wenye hisa wakubwa, hadi kazi iliposimama mwaka 2019 kwa ukosefu wa usalama. Penye kampuni kama hizo mkubwa huja na lugha yake, karatasi za serikali ni za Kifaransa, na vijana wanasemezana kwa Kiswahili ama Kibangubangu.

Ajabu ni kwamba Mjapani angemwelewa fundi huyo upesi. "Hai" ya Kijapani nayo hukubali maneno ya muulizaji, na mara nyingi maana yake ni "nimesikia" tu, si "nitafanya". Mhindi anayefanya kazi na Wajapani anaweza kunaswa hapo. Mjapani naye hushangaa Mhindi anapotikisa kichwa huku na huku: amekubali ao amekataa? Mara nyingi amekubali.

Maniema, heshima inazidisha ugumu. Ni vigumu kijana kumwambia mzee "hapana" mbele ya watu. Atasema "ndiyo, baba", kisha atafute mtu wa kupeleka neno lenyewe.

Kasongo ilikuwa na kazi ya lugha nyingi tangu enzi za Tippu Tip, karne ya 19. Watu wa Zanzibar, Wanyamwezi, Wakusu na wenyeji walikutana hapo, na Kiswahili kikabeba amri. Isisahaulike kwamba kazi yenyewe ilikuwa pembe za ndovu na utumwa. Leo Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa.

Dawa yake haihitaji mkalimani wala franga. Mkubwa aulize tu: "Mashine iko namna gani?" Hapo fundi hana nafasi ya kusema ndiyo wala hapana. Atasema: "Imebaki mkanda, baba. Musiiwashe."