Kardinali Aliyesafiri Siku ya Krismasi

Katika makanisa mengi, Jumapili ya pili ya Majilio huwashwa mshumaa wa amani. Mwaka jana wasichana wawili wa darasa langu waligombania kuuwasha. Kiberiti kikawaponyoka, kikaanguka kwenye ndoo ya maji, njiti zote zikalowa. Wakanuniana. Wiki nzima hawakusemezana. Nilipomuuliza mmoja wao, akanijibu, "Mwalimu, mimi nimeshamsamehe. Namsubiri aje."

Jibu lile lilinikaa moyoni, wanangu, maana hata sisi watu wazima hungoja hivyohivyo. Nikawaketisha darasa zima chini ya mwembe, nikawasimulia habari hii. Nanyi sogeeni.

Huko mwisho kabisa wa Amerika Kusini, kwenye baridi na upepo mkali, kuna visiwa vitatu vidogo: Picton, Lennox na Nueva. Argentina na Chile zilivigombania miaka mingi. Visiwa vidogo vile vina nini? Mwenye kisiwa hudai na bahari inayokizunguka, samaki wake na njia zake za meli. Mwaka 1977 wasuluhishi waliamua kwamba visiwa ni vya Chile. Argentina ikakataa.

Majilio ya mwaka 1978 yakafika. Nchi zote mbili ni za Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Pande zote mbili za milima ya Andes watu walikwenda misa, wakaomba, wakamngojea Mfalme wa Amani yuleyule mmoja. Na wakati huohuo vijana wao walikuwa wakipelekwa mpakani na bunduki. Hilo huniumiza kila nikilisimulia.

Argentina ilipanga kushambulia mnamo tarehe 22 Desemba. Manowari zilikuwa tayari baharini, dhoruba ikavuma, zikayumbishwa na mawimbi. Wapo wanaosema dhoruba ile ilitoka kwa Mungu, nami sibishani nao. Lakini dhoruba hupita. Huchelewesha vita tu, haiwezi kuwaketisha mahasimu mezani. Kazi hiyo inamtaka mtu.

Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye hata miezi mitatu hakuwa ametimiza katika kiti chake, akazijulisha serikali zote mbili kwamba anatuma mjumbe. Aliyetumwa ni Kardinali Antonio Samorè, Mwitaliano wa miaka 73, aliyewahi kuwa balozi wa Papa kule Colombia. Siku ya Krismasi yenyewe, watu wakiwa majumbani na jamaa zao, mzee yule alifunga safari. Kesho yake akatua Buenos Aires, kule Argentina.

Hakufika na hukumu mfukoni. Alisikiliza. Akavuka milima kwenda Santiago, upande wa Chile, akasikiliza huko pia, akarudi, akaenda tena. Tarehe 8 Januari 1979, mjini Montevideo, nchi zote mbili zilitia saini kwamba hazitatumia nguvu, na zikamwomba Papa azipatanishe.

Msidhani yaliisha hapo. Mazungumzo yalichukua karibu miaka sita. Kardinali Samorè alifariki Februari 1983, kabla hajaona mwisho wake. Mkataba ulitiwa saini Vatican tarehe 29 Novemba 1984: visiwa vikabaki vya Chile, na bahari ikagawanywa. Siku chache kabla, wananchi wa Argentina walikuwa wameulizwa kwa kura kama wanaukubali, na zaidi ya wanane katika kila kumi wakasema ndiyo.

Bwana Yesu alipowataja wenye heri, aliwataja wapatanishi. Lisikilizeni neno lenyewe: kupatanisha ni kazi ya mikono na miguu. Na anayengoja mgeni mkubwa hajikunyati kitandani. Hufagia uwanja, huchota maji, huondoa mawe njiani.

Yule msichana aliyenijibu alikuwa akichora mchangani kwa kijiti. Akauliza, "Mwalimu, Kardinali ndiye aliyekosa?"

"Hapana. Hakuwa na kosa lolote katika ugomvi ule."

"Na bado ndiye aliyekwenda?"

"Ndiye."

Akanyamaza. Mawingu ya vuli yalikuwa yakikusanyika, nikawaambia wawahi nyumbani. Wenzake wakatimua mbio kushoto, kwenye njia ya kwao. Yeye akavaa ndala zake, akasimama kidogo njia panda, kisha akashika ile ya kulia, inayokwenda kwa rafiki yake.